Doa Ambalo Sikuligusa

Mama yule alinijia mara ya kwanza akiwa na doa moja kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Mji wetu wa Goma ulikuwa mikononi mwa waasi wakati huo, na mimi nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya huku Keshero: chumba kimoja cha kupimia, kingine cha sindano, na benchi refu nje chini ya mabati. Alikuwa mshonaji. Alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka moja kule Himbi, na alikuja amevaa kitenge alichokishona mwenyewe, mikono mifupi, kwa hiyo doa lilikuwa wazi hata kabla hajaketi.

Lilikuwa dogo, duara, rangi yake imefifia kama kitambaa kilichoanikwa juani muda mrefu.

"Inakuwasha?" nilimwuliza.

"Hapana, muganga. Haiwashe, haiume. Rangi tu njo inaenda."

Alizungumza Kiswahili polepole, akitafuta maneno, kwa sauti ya watu wa Rutshuru waliokulia katika Kinyarwanda. Nje benchi lilikuwa limejaa. Niliandika "choa" kwenye fishi yake, karatasi ya mgonjwa, nikampa kopo dogo la pomadi, nikamwonyesha jinsi ya kupaka asubuhi na jioni. Alishukuru, akaondoka. Baada ya miezi michache alirudi. Pomadi ilikuwa imekwisha na doa lilikuwa palepale, limeongezeka kidogo. Nikampa kopo lingine.

Mara zote mbili sikumgusa. Nililitazama lile doa nikiwa upande wangu wa meza, kalamu mkononi.

Jambo hili lingekuwa dogo kama ningekuwa sijui kitu. Lakini mimi nilijua. Nilifundishwa magonjwa ya ngozi na muzee mmoja, muganga wa zamani, ambaye alikuwa amestaafu lakini bado alikuja kituoni mara mbili kwa wiki kwa sababu nyumbani alichoka kukaa. Alinifundisha kutafuta upele katikati ya vidole na kiunoni, kutambua mtoto ambaye ngozi yake inabanduka kama rangi ya ukuta kwa sababu hajala mayai wala maharage kwa muda mrefu, na kuwatambua akina mama waliojichubua kwa sabuni na krimu mpaka mashavu yao yakawa mekundu na vifundo vya vidole vikabaki vyeusi. Hao alinifundisha kuwauliza kwa upole, tukiwa wawili tu. Na juu ya doa lililopauka ambalo haliwashi alinifundisha jambo moja tu: chukua pamba, umguse mgonjwa akiwa amefumba macho, uone kama anasikia. Ni kazi ya dakika mbili. Pamba ilikuwa mezani pangu.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sababu ilikuwa lile benchi. Kweli watu walikuwa wengi. Lakini kuna jambo jingine, na sasa nimezeeka kiasi cha kulisema. Mwaka mmoja kabla ya hapo kaka yangu mkubwa alitoka Butembo na kamioni ya maharage, hakufika. Kamioni ilipatikana imechomwa. Hatukujua ni nani waliofanya hivyo, mpaka leo hatujui. Njia ile ilikuwa na watu wenye bunduki wa kila aina. Hata hivyo, nyumbani kwetu, tulipokaa kwenye matanga, kila mtu alikuwa na jibu lake, na majibu yote yalikuwa na lugha ya mtu fulani ndani yake, mara nyingi Kinyarwanda. Mimi nilinyamaza, lakini nilisikia, na yale niliyoyasikia yaliingia. Mama yule alipofungua mdomo, kitu ndani yangu kilirudi nyuma hatua moja. Sikumchukia. Nilimhudumia kwa adabu. Ila mkono wangu haukuvuka meza.

Kisha mlima wa volkano ukapasuka.

Watu wameshasimulia sana siku ile, sitarudia yote. Mimi nilikimbia na watoto wangu upande wa Sake, na moto ukapita katikati ya mji ukashuka hadi ziwani, ukakata Goma vipande viwili. Keshero yetu haikuguswa. Tuliporudi baada ya siku mbili tulikuta kituo kizima, madirisha yamejaa majivu, na watu wameshajipanga nje wakitusubiri.

Walikuja na macho mekundu, vifua vilivyobana, ngozi iliyowashwa na vumbi. Lakini waliotupa kazi kubwa ni wale walioungua miguu. Watu waliokimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, walitaka kurudi haraka kutazama kama nyumba zao zipo, nao walipita juu ya yale mawe mapya ambayo yalikuwa meusi na magumu juu, huku ndani bado yanawaka. Wengine waliletwa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wamelazwa kama magunia, wakilia.

Mama mshonaji alikuja kwa miguu yake.

Nilimwona akiingia akichechemea kidogo, kama mtu aliyeingiwa na changarawe kiatuni. Siku ya mlima alikuwa amevuka kwenda mpakani kununua uzi na vitambaa, na moto ukamfungia upande ule. Mume wake, mwashi, alibaki Himbi. Siku ya tatu hakuweza kungoja tena, akapita juu ya mawe pamoja na wengine. Nilimketisha, nikainua mguu wake wa kulia, na nikaona kwamba kandambili yake ya plastiki ilikuwa imeyeyuka ikashikana na wayo. Mguu wa kushoto ulikuwa vilevile.

Nilimwaga maji ya chumvi, nikaanza kubandua plastiki polepole kwa mkasi na kibanio. Pembeni yake kulikuwa na baba mmoja mwenye nguvu, dereva, ambaye mwenzangu alikuwa akimsafisha kidonda kidogo kuliko hicho, naye alikuwa anapiga kelele mpaka watoto walio nje wakaanza kulia. Mama yule alikuwa anatazama barabara kupitia mlangoni.

"Muganga, haukuona bwana yangu? Ni mutu mrefu, anavaa kofia ya bluu."

Nilikuwa nimeshika kipande cha ngozi yake kwenye kibanio. Nikaacha kubandua.

"Mama, hausikie?"

"Nasikia nini?"

"Mguu."

Alitazama chini, akaona damu, akashtuka kwa kuiona tu. "Inafanya kama siyo yangu," alisema. "Ilianza zamani, mbele ya volkano. Niliwaza ni baridi ya kukanyaga cherehani."

Niliweka mkasi chini. Nilichukua pamba, nikaisokota ncha, nikamwambia afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila mahali atakaposikia ninamgusa. Nilimgusa paji la uso, akaonyesha. Nikamgusa bega, akaonyesha. Nikamgusa kwenye doa lile la mkono, ambalo sasa lilikuwa pana kama kiganja. Alikaa kimya, macho ameyafumba, kidole hewani, akingoja nianze. Nikamgusa tena. Akaendelea kungoja.

Nilipomwomba afungue blauzi nyuma nilikuta madoa mengine mgongoni, na moja kwenye paja. Nikapapasa nyuma ya kiwiko chake, mahali mshipa wa fahamu unapopita karibu na mfupa. Kwa mtu mwenye afya mshipa ule ni laini, unaupata kwa kuutafuta. Wake ulikuwa mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Ndipo nikaona pia kwamba kidole chake kidogo na kile cha jirani yake vilikuwa vimeanza kujikunja, haviwezi kunyooka sawasawa.

"Ni nini, muganga?"

"Tungoje muzee akuone," nilisema.

Muzee alikuja kesho yake. Alimpima taratibu, akarudia yote niliyofanya, kisha akamwambia wazi, kwa Kinyarwanda, ili neno lisipotee njiani. Mimi nilielewa neno moja tu, *ibibembe*, ukoma, kwa sababu mama alilirudia kwa sauti ya chini, mara mbili. Muzee akamweleza kwamba dawa ipo, ni ya bure, atakunywa mwaka mzima na ugonjwa utakwisha, na hata baada ya vidonge vya kwanza hatawaambukiza watu wengine. Lakini mishipa ambayo imeshakufa haitaamka. Miguu itabaki hivyo, na vidole vile viwili pengine.

Kisha akanigeukia mimi. "Alishaonekana hapa?"

Kabati la fishi lilikuwa nyuma yangu.

"Sijue, papa," nilimwambia. "Fishi nyingi zilipotea kwa volkano."

Volkano haikuwa imetufikia. Muzee alijua, alikuwa ameingia kwa mlango uleule ambao ulikuwa mzima na ufunguo wake. Alinitazama. Akamgeukia mgonjwa kwa huruma: "Mama, ungekuja mapema."

Mama aliinua macho. Aliniangalia mimi. Mimi nikainama nikaendelea kufunga bendeji.

Mwaka ule wa dawa ulikuwa mrefu. Vidonge vilikuja katika vifungashio vya mwezi mmoja mmoja. Vile vya siku ya kwanza ya kila mwezi alimeza mbele yangu, vingine alikwenda navyo. Nilimwonya kwamba mkojo utakuwa mwekundu na asiogope. Nilimwonya pia kwamba ngozi itakuwa nyeusi, lakini onyo langu lilikuwa dogo kuliko mambo yenyewe. Kufikia mwezi wa nne alikuwa amebadilika rangi, weusi wenye wekundu ndani yake, usoni hasa, na madoa yale ambayo mwanzo yalikuwa yamepauka sasa yalionekana kama yamechomwa. Kabla ya dawa hakuna jirani aliyejua. Sasa walijua wote kwamba kuna kitu. Wateja wake wa Himbi walipunguka. Mwenye duka alimwambia asogeze cherehani, kisha akamwambia aiondoe kabisa.

Mume wake alikuja kuniona peke yake, na kofia yake ya bluu mkononi.

"Mama muganga, niambie ukweli. Nilale naye kitanda kimoja?"

"Ulale naye."

"Tukule sahani moja?"

"Mukule sahani moja. Anakunywa dawa. Hakuna kitu kitakufika."

Alitikisa kichwa, akashukuru. Wiki ile akaenda Masisi kujenga, alisema, na hakuonekana kwa muda mrefu. Nilikwenda kumtembelea mama nyumbani kwao. Alipika viazi na maharage, akaweka sahani moja katikati yetu, akangoja. Nilijua alichokuwa akikingoja. Nikala. Nilikula mpaka mwisho, tukacheka juu ya mambo ya cherehani. Lakini nilipofika kwangu nilinawa mikono kwa sabuni mara mbili, nikajikuta nanawa mara ya tatu, mimi ambaye ndiye niliyemwambia mume wake kwamba hakuna kitu.

Mume alirudi. Siku moja walikuja pamoja kituoni, amembebea mfuko. Hakueleza alikuwa wapi hasa, na mke wake hakumwuliza mbele yangu. Alikuwa amemkatia viatu kutoka kwenye mpira wa tairi, akaweka sponji ndani. Nilimwonyesha mama jinsi ya kuloweka miguu kila jioni, kupaka mafuta, na kutazama nyayo kwa kioo kidogo kama kuna kidonda asichokisikia. Mume alisema, "Kioo ya nini? Miye nitaangalia." Na kwa kadiri nijuavyo aliangalia.

Mwezi wa tisa dawa hazikuja. Zilikuwa zinatoka Bukavu kwa boti, na Bukavu kulikuwa na mapigano. Boti zilichukuliwa na askari. Wiki mbili zikapita, kisha nne. Nilikuwa nalala vibaya. Boti ya kwanza iliyokubali abiria nilipanda mimi mwenyewe, nikaenda kwenye ghala la dawa, nikarudi na katoni moja. Bandarini Goma askari wa waasi alinisimamisha. Alikuwa na kisu tayari kupasua utepe wa gundi.

"Ndani muko nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini? Wote munasema dawa."

"Ya ukoma."

Kisu kilibaki hewani. Aliisukuma katoni kwangu kwa ncha ya buti. "Pita, mama. Pita haraka."

Nilipita. Barabarani nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika, kwa maana nilikuwa nimekumbuka meza yangu.

Siku aliyomeza vidonge vya mwisho nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimetafuta fishi yake kabatini. Ilikuwepo, mwandiko wangu, "choa", na tarehe mbili. Baada ya kumpima na kuandika kwamba amemaliza, nilifunga mlango, nikaiweka mbele yake ingawa sijui kama alijua kusoma.

"Mama," nilisema, "muzee alikuambia ungekuja mapema. Ulikuja mapema. Ulikuja kwangu mara mbili. Kama ningekugusa kwa pamba siku ile, ungekuwa unasikia miguu yako leo. Kosa ni langu, na nilimficha muzee."

Alikuwa anajaribu kufunga mfuko wake kwa vidole vitatu, kama alivyokuwa amejizoeza.

"Najua," alisema.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu ile siku ulitosha pamba ukanigusa nayo. Nilijiuliza: mbona mara ya kwanza hakutosha pamba? Na ilikuwa pale kwa meza. Niliiona." Aliufunga mfuko. "Niliwaza ni shauri ya luga yangu."

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na lingetupa nafasi ya kuachana vizuri. Sikulisema. Nilikaa mbele yake machozi yakinitoka, naye hakunizuia wala hakunifuta. Hakusema amenisamehe. Aliposimama alisema tu:

"Nitakuletea mutoto yangu. Umuangalie wewe mwenyewe. Umuguse mwili yote."

Alikuwa na binti mmoja aliyekuwa anakaa kwa bibi yake Rutshuru tangu kabla ya mlima, kwa sababu ya shule. Nilipaswa kumwita na kumpima mwanzo kabisa, tulipogundua ugonjwa wa mama, lakini barabara ilikuwa imefungwa, na ilipofunguliwa kila mtu aliogopa kumsafirisha mtoto wa kike. Binti alikuja, ana miaka kama kumi, mwembamba, mwenye haya. Nilimpima kutoka utosini mpaka katikati ya vidole vya miguu. Nilichukua zaidi ya nusu saa na benchi likanung'unika nje. Chini ya bega la kulia palikuwa na doa ambalo mtu mwingine asingeliona, dogo kuliko ukucha wa dole gumba. Nilimfumbisha macho. Pembezoni alisikia pamba. Katikati hakusikia.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimwambia, akakaa chini.

Binti alimeza dawa miezi sita. Hakupotewa na kidole, hakupotewa na hata kipande cha wayo. Doa lilibaki kama kivuli, kisha ikawa lazima ulitafute ili ulione. Kila mwaka mama alimleta nimpime tena, na kila mwaka hakuruhusu muuguzi mwingine amguse. "Ni huyu," alikuwa akiwaambia wauguzi wapya. "Huyu anajua sasa." Sijui kama ilikuwa sifa au adhabu. Nadhani kwake ilikuwa vyote viwili, nami nilivipokea vyote.

Muzee alifariki miaka michache baadaye. Nilikuwa nimeshamweleza. Alinisikiliza, akaniuliza kama nimemwambia mgonjwa, nikasema ndiyo, akasema basi yeye si mtu wa kuambiwa, wa kuambiwa alikuwa mgonjwa. Hatukuzungumza tena juu ya hilo.

Binti alikua, akajifunza kushona kwa kumsikiliza mama yake akielekeza kwa mdomo yale ambayo mkono haukuweza tena. Aliolewa Bunagana, na mtu anayefanya biashara ya kuvusha mchele na sabuni kutoka Uganda. Wazazi walihama wakaenda kukaa karibu naye. Mama aliendelea kushuka Goma kila mwaka, mara nyingine na mjukuu mgongoni, na kila mara alivua viatu vyake bila kuambiwa ili nione nyayo. Zilikuwa safi. Ngozi yake ilikuwa imerudi rangi yake zamani sana.

Kisha waasi walirudi, wengine au walewale, wakachukua Bunagana, na barabara ya Rutshuru ikafungwa. Watu walianza kushuka na magodoro vichwani, na sisi tukarudia kazi ileile ya upele na majipu na watoto wanaobanduka ngozi, katika mahema yaliyobanana kule Kanyaruchinya. Nilikwenda huko na wauguzi vijana. Kila nilipokuta mshonaji, au mama mwenye viatu vya tairi, au mtu wa upande ule, niliuliza. Mmoja aliniambia walivuka kwenda Uganda, kambini. Mwingine alisema mume alionekana Rutshuru, anajenga. Simu ya binti ililia mwezi ule wa kwanza, haikupokelewa. Baadaye haikulia tena.

Zamu ya mama ya kupimwa imepita mara mbili sasa. Ameshapona, doa haliwezi kurudi hivi hivi, najua hilo vizuri na huwaambia wengine. Lakini kuna nyayo mbili mahali fulani ambazo mwenyewe hazisikii, na anatembea, na sijui kama kuna mtu jioni anayeziangalia.